Anakula vizuri, mbona mbavu zinaonekana?

Shikamoo daktari. Mbwa wangu ana miaka miwili. Anamaliza ugali na dagaa na bado anaomba, lakini mbavu zinahesabika. Dawa ya minyoo nilimpa mwezi uliopita. (Tanga)

Marahaba. Kabla ya kumsingizia mnyoo, kaa umtazame akila. Niliwahi kuitwa nyumba yenye mbwa watatu, mama mwenye nyumba akiapa kwamba wote wanakula. Nikakaa barazani. Dume kubwa likamaliza sahani yake, likahamia ya pili, na yule mkondefu akageuza uso kama aliyeshiba. Tulimtenga wakati wa kula, basi. Na hao dagaa, ni wangapi? Wengi wetu tunawatia wa kunukiza tu, mbwa anabaki na unga.

Kama anakula peke yake na kitoweo kipo, inua mdomo wa juu uone fizi. Zikiwa nyeupe, na kinyesi ni cheusi kama lami, namshuku safura, mnyoo anayenyonya damu kwenye utumbo. Dozi moja mara nyingi haimmalizi, maana mabuu mengine yamejificha mwilini na mengine yako kwenye udongo wa uani kwako. Mpime kilo, usimkadirie kwa macho, kisha urudie dawa baada ya wiki mbili au tatu na kuzoa kinyesi kila siku.

Ila kinyesi kikiwa kingi, laini, chenye mafuta na rangi iliyopauka, huenda kongosho halitoi vimeng'enya vya kutosha, hivyo chakula kinapita bila kusagwa. Hapo dawa ya minyoo utampa mpaka uchoke. Vyovyote iwavyo, nenda kwa daktari na kinyesi cha asubuhi hiyo kwenye kikopo safi. Cha juzi kilichokauka hakitusaidii.

Paka wangu ana miaka 13. Anakonda, anakunywa maji hadi ya kwenye ndoo, mchanga wake umelowa kila saa. Jirani anasema ni uzee. (Mombasa)

Jirani amekosea. Paka mzee wa namna hiyo namshuku mambo matatu: figo, kisukari, au tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Wa figo huanza kuchagua chakula na mdomo wake hunuka. Wa kisukari na wa tezi mara nyingi hula kwa pupa huku wakiisha. Lakini dalili huchanganyika, kwa hiyo apimwe damu na mkojo siku ileile. Usidharau nusu kilo: paka wa kilo 4 akiipoteza, ni kama mtu wa kilo 70 kupungua karibu 9. Na maji usimnyime.

Mbwa amekataa kula siku ya nne, ana joto, kupe nilimtoa wengi. Nisubiri? (Morogoro)

Usisubiri hata kesho. Kupe huambukiza magonjwa ya damu. Damu puani au vidoa vyekundu tumboni, na mkojo wa rangi ya chai kavu, ni vya kumweleza daktari mapema. Tone la damu kwenye kioo cha hadubini huweza kumwonyesha mdudu, ingawa asipoonekana haina maana hayupo. Baadhi ya dawa zake hutumika kama wiki nne. Wenye mbwa huziacha siku ya tano kwa sababu "ameshakula".

Jambo moja: kama anatokwa mate, taya limelegea au hawezi kumeza, usitie mkono mdomoni kutafuta mfupa. Mfungie na umpigie daktari, huenda ni kichaa cha mbwa.

Paka hali, naona anaumwa. Nimpe parasetamo nusu? (Dodoma)

Hapana! Hiyo nusu inaweza kumuua. Na paka mnene asiyekula siku mbili tatu ini lake huanza kujaa mafuta, basi mpeleke leo.

Nitampimaje uzito bila mizani ya kliniki? (Kigoma)

Panda mizani umempakata, kisha panda peke yako, utoe. Andika kwenye kalenda kila mwezi. Kwa kitoto cha paka, ile ya dukani ya kupimia sukari ni sahihi zaidi, ukimpata mwenye duka aliye radhi.