Friza ya nyumbani Tanga: joto, unyevu na uniti za LUKU

Friza iliyo nzima hupumzika. Kompresa huvuma kwa muda, ikanyamaza, kisha ikaanza tena. Ikivuma kutwa kucha wakati mfuniko haujafunguliwa na hakuna mzigo mpya ndani, kuna kasoro, na hapa Tanga kasoro hiyo mara nyingi ni moja kati ya mbili: joto halina pa kutokea, au hewa yenye unyevu inapenya ndani. Gesi kupungua kupo, ila tunakimbilia kuisingizia mapema mno.

Pima kwanza. Usiku zima vyombo vingine vyote, ubaki na friza peke yake. Soma uniti kwenye LUKU saa 4 usiku, soma tena saa 12 asubuhi, toa, kisha zidisha mara 3. Hayo ndiyo matumizi ya siku, na mchana huzidi kidogo kwa sababu ya joto na kufunguafungua. Friza ya lita 200 iliyo katika hali nzuri hula kama uniti 1 hadi 1.5 kwa siku. Ikila 2, kwa mwezi ni 60, na aliye kundi la D1, la watumiaji wadogo wa umeme, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, amebakiwa na 15 za taa, feni, pasi na televisheni.

Sasa tazama ilipokaa. Friza nyingi zinazofunguliwa kwa juu hazina wavu mweusi nyuma kama friji za zamani. Mabomba ya kutolea joto yamefichwa nyuma ya bati la ubavuni. Gusa ubavu kompresa inapovuma, utausikia una moto. Joto hilo ndilo lililotolewa kwenye samaki na nyama, na lazima lipate njia. Acha sentimita 10 hivi kila upande, na nyuma pia. Kitambaa cha kufuma juu ya mfuniko hakidhuru, lakini kikining'inia hadi ubavuni kinaifunika friza blanketi. Chumba cha bati kisicho na dari, miezi ya kaskazi, ni mahali pabaya kuliko pote. Korido yenye kivuli ni bora, hata kama ni mbali na jiko. Barazani usithubutu: upepo wa bahari una chumvi, na chumvi inakula bati na bawaba.

Mpira wa mfuniko unahitaji jicho kali zaidi. Bana kipande cha karatasi kati ya mpira na ukingo, funga, kisha vuta. Kikitoka bila kukaza, hapo hewa inapita. Rudia kila baada ya sentimita 20 hadi uzunguke kote, na pembeni upime mara mbili. Kabla ya kununua mpira mpya, osha uliopo kwa maji ya vuguvugu na sabuni, safisha mikunjo kwa mswaki laini, ukaushe. Uliopinda hulainika ukikandwa kwa kitambaa cha maji ya moto, ukaunyoosha kwa vidole.

Barafu ya ukutani ikifikia unene wa milimita 5, iyeyushe, kwa sababu inakinga chakula kisipate baridi ya ukuta. Chagua siku ambayo mzigo ni mdogo. Chomoa plagi, hamishia vitu kwenye deli, fungua tundu la maji la chini, weka ndani sufuria ya maji ya moto juu ya ubao, funika dakika 20. Barafu itaachia yenyewe. Kisu kamwe! Mabomba ya baridi yako nyuma tu ya ukuta ule, na friza nyingi za sasa zina gesi ya R600a, ambayo inashika moto. Ukimaliza, kausha kabisa. Tone linalobaki ndilo barafu ya kesho.

Samaki kutoka soko la Deep Sea watoe matumbo, waoshe, wachuje maji vizuri, kisha wafunge mafungu ya kilo moja au nusu, yaliyolazwa bapa. Fungu nene huchelewa kuganda katikati. Mzigo mpya uguse kuta, usirundikwe pamoja, na usizidi kilo zilizoandikwa kwenye kibandiko cha friza kwa saa 24. Vibua na samaki wengine wa mafuta wale ndani ya miezi 2 au 3. Changu huvumilia hadi 6. Kipimajoto kikisoma nyuzi 18 chini ya sifuri, inatosha. Kuzungusha swichi hadi mwisho kunaongeza bili tu. Nafasi tupu ijaze chupa za maji, ukiacha sehemu ya kumi wazi, maana maji yakiganda hutanuka.

Umeme ukikatika, usifungue. Friza iliyojaa huweza kuhimili kama siku mbili, iliyojaa nusu, siku moja. Kwa joto letu hesabu pungufu. Daima weka ndani kikombe cha barafu chenye sarafu juu: ukikuta sarafu imezama, chakula kiliyeyuka kikaganda tena. Jodari na vibua waliokaa na joto watupe, kwani sumu inayojijenga ndani yao haiondoki kwa kupikwa. Umeme ukirudi, subiri dakika 5 kabla ya kuwasha, au tumia kifaa cha kulinda friji kinachochelewesha chenyewe. Kompresa ikilazimishwa kuanza kabla presha haijashuka, inaweza kuungua.

Kama yote haya yako sawa na bado haipumziki, ndipo umwite fundi. Akisema gesi imepungua, mwambie atafute kwanza inapovujia na apazibe. Gesi haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari; akijaza bila kuziba, baada ya muda utamlipa tena.