Pawa saplai yoyote itafaa?

SWALI: Mambo vipi mtaalamu, mi niko Mwanza naunga kompyuta yangu ya kuchezea gemu, nshapata prosesa Ryzen 5 5600 na kadi ya picha (graphics) RTX 3060 ya 12GB, hela iliyobaki kidogo. Fundi kaniambia nichukue pawa saplai (kile kiboksi cha kulisha kompyuta umeme) yoyote na ramu ya DDR5 maana ndo mpya, ni kweli?

JIBU: Hapana ndugu yangu, yote mawili usifanye. Prosesa yako inakaa kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta) zenye soketi ya AM4 na hizo zinapokea DDR4 tu, DDR5 hata kuingia haiingii, mkato wake uko pengine. Chukua vijiti viwili vya 8GB kuliko kimoja cha 16, gemu zitakuwa laini zaidi, halafu ukiwasha ingia BIOS (ukurasa wa mipangilio ya madabodi) uwashe XMP, ndo inayoruhusu ramu iende spidi yake kamili, la sivyo ramu ya spidi ya 3200 itatembea 2133 au 2400 miaka yote na wewe hujui.

Ila pawa saplai ndo usibanie kabisaaa. Hiyo kadi peke yake inakula kama wati 170, Nvidia wenyewe wanashauri saplai ya wati 550, sasa zile za bei chee zimebandikwa 600 afu ukinyanyua nyepesi kama boksi tupu achana nazo, umeme wetu unavyokatika na kurudi saplai mbovu ikifa inaweza kuondoka na kadi. Tafuta yenye nembo ya 80 Plus Bronze, yaani imepimwa kuwa haipotezi umeme mwingi, na waya wa pini 8 wa kadi. Hela ikipungua punguza kwenye kesi (boksi la nje la kompyuta), mataa ya rangi utaongeza baadaye.