Jibu: Nota za akina Labèque kwenye piano moja

Salaam dada. Umesema wewe na mdogo wako mnataka kupiga Rhapsody in Blue ya mtunzi Gershwin kama Katia na Marielle Labèque, wale dada wawili wapiga piano, ila nota mlizopata hazipigiki kwenye piano moja ya kanisani.

Kwanza angalieni kama nota hizo ni za piano mbili. Rekodi ya Gershwin iliyowapa umaarufu mkubwa ndugu hao, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni ya piano mbili. Kwenye moja mtagongana mikono tu.

Ila akina Labèque hupiga pia mikono minne, yaani watu wawili kwenye piano moja. Anzeni na Ma mère l'Oye ya Ravel, iliyochapishwa 1910. Aliwatungia ndugu wawili wadogo, msichana aitwaye Mimi Godebski na kaka yake Jean. Kipande cha kwanza ni kifupi, cha polepole, na kizuri mno!

Mimi na kaka yangu tulikuwa tukigombania pedali. Kwa kawaida hukanyaga aliyekaa upande wa sauti nzito, mwenzake asiiguse. Kasi ya akina Labèque isiwatishe, walifundishwa na mama yao, mpiga piano Ada Cecchi, tangu utotoni.