Ikague kaunta kwanza, redio baadaye

Weka hiyo bisibisi chini! Umesema uko Nakuru, umepewa redio 30 za walinzi urekebishe masafa, na unauliza ununue kaunta gani ya bei nafuu (kaunta ni kifaa cha kupima masafa), utumie waya gani, na kama tarakimu 8 zinatosha. Hazitoshi. Wingi wa tarakimu si ushahidi kwamba nambari ni ya kweli.

Kazi hiyo hiyo niliifanya hapa Kisumu: redio 16, masafa ya megahezi 155. Aliyeniuzia kaunta aliniapia kwamba ikisoma mpaka hezi moja, haiwezi kukosea zaidi ya hezi moja. Uongo mtupu, na mpaka leo namkasirikia, kwa sababu alijua nitalitegemea neno lake kwa mali ya watu. Nikafungua redio moja moja, nikazungusha skrubu ya kristali, ile inayopanga masafa, kwa bisibisi ya plastiki, kidogo kidogo, mpaka kioo kikasimama 155.000000, tarakimu ya mwisho haichezi. Redio zenyewe kwa zenyewe zikasikilizana vizuri. Mteja akalipa. Kesho yake ananipigia: mlinzi akipitia ripita ya mlimani, mtambo unaopokea sauti na kuirusha tena mbali, sauti inakwaruza na kukatika. Ripita haikuwa na shida. Redio zangu zote 16 zilikuwa zimekosea pamoja.

Fundi mwenzangu akaja na chanzo cha mawimbi ya megahezi 10 kinachofuata saa za atomiki za setilaiti za GPS. Tukakichomeka kwenye kaunta: 10.000200. Hezi 200 za ziada, yaani sehemu 20 kwa milioni. Kwenye megahezi 155 hizo ni hezi 3,100, na chaneli nzima ni kilohezi 12.5! Kaunta huhesabu mawimbi kwa sekunde inayopewa na kristali yake. Sekunde hiyo ikirefuka, hesabu inazidi. Hata ukiiambia ihesabu sekunde 10, inaongeza tarakimu tu, kosa linabaki pale pale. Nilizirudia zote 16 bila malipo, siku nne.

Kwa hivyo iwashe kaunta nusu saa ipate joto lake, ipimie chanzo cha GPS, tofauti uiandike kwenye karatasi uibandike juu yake. Kama nyuma ina tundu la kupokea megahezi 10 kutoka nje, chomeka chanzo hapo uendelee na kazi. Usifungue redio hata moja kabla ya hapo. Siku hizi chanzo changu ninacho. Panda matatu Jumamosi uje na kaunta yako, tuipime bure.