Maswali na Majibu: Sarafu za Kwetu Kwenye Meza za Ugenini

Barua nyingi nilizopokea mwezi huu zinahusu maonyesho ya sarafu, yaani zile kumbi ambamo wauzaji hupanga meza zao kwa siku mbili au tatu na wakusanyaji huzunguka wakiwa wameinama kama watu waliodondosha ufunguo. Nimezichagua saba.

Shikamoo mzee. Ninaishi Columbus, Ohio, ninakusanya sarafu za nchi mbalimbali, na sijawahi kuhudhuria onyesho hata moja. Nimetenga dola 100. Nianzie wapi?

Marahaba. Anzia nyumbani, siku mbili kabla, kwa kuandika kwenye karatasi moja sarafu ulizo nazo na zile unazozikosa, ukionyesha nchi, thamani, mwaka na namba ya katalogi. Wauzaji wengi wa sarafu za dunia hutumia namba zinazotanguliwa na herufi KM, ambazo ni kifupi cha Krause na Mishler, watunzi wa katalogi inayotumiwa zaidi katika fani hii, na tovuti ya Numista huzionyesha namba hizo bila malipo. Mtu asiye na orodha hununua shilingi ileile mara tatu. Nasema hivyo kwa sababu ninazo tatu.

Beba kioo cha kukuzia mara kumi, mizani ndogo inayopima hadi sehemu ya mia ya gramu, na noti ndogondogo, kwa kuwa mazungumzo ya bei hulainika zaidi fedha taslimu inapokuwa mkononi. Ukifika, zunguka kwanza ukumbi mzima bila kununua kitu. Katika onyesho kubwa kama World's Fair of Money, ambalo huandaliwa na chama cha American Numismatic Association kilichoanzishwa mwaka 1891, mzunguko huo peke yake unaweza kukumalizia asubuhi nzima, lakini utakuwa umejua ni meza zipi zenye sarafu unazozitafuta. Kuhusu dola zako 100, ningetumia 60 kwa sarafu moja nzuri iliyomo kwenye orodha, 30 kwa kupekua masanduku ya mchanganyiko, na 10 zilizobaki ningezilinda kwa ajili ya chakula cha mchana.

Niko Toronto. Kila nikienda kwenye maonyesho hukuta masanduku ya sarafu zilizochanganywa, kila moja kwa bei moja ndogo. Je, humo kuna cha maana, au ni takataka tu?

Humo ndimo msomaji wa Kiswahili anapokuwa na nafasi ambayo wengine hawana. Sarafu huingia katika sanduku la mchanganyiko kwa sababu mbili: ama haina thamani, ama muuzaji hakuweza kuisoma, na sarafu za pwani yetu huangukia katika kundi la pili mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Chukua mfano wa pesa ya shaba ya Zanzibar, ya enzi ya Sayyid Barghash. Upande mmoja una mizani, mwingine una maandishi ya Kiarabu, na mwaka wake ni ١٢٩٩, yaani 1299 wa Hijria. Ili kuupata mwaka wa Miladi, toa asilimia 3 ya namba hiyo, ambayo ni 39, utabaki na 1260, kisha ongeza 622 upate 1882. Hesabu hii hukosea mwaka mmoja hivi kwa tarehe nyingine, lakini kwa mtu aliyesimama mbele ya meza inatosha. Mara mbili nimezikuta sarafu hizi zimetupwa pamoja na sarafu za Moroko na za Misri. Pesa ya kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, ya miaka ya 1890 hadi 1892, nayo ina Kiarabu upande mmoja na tai upande wa pili, kwa hiyo igeuze kabla ya kuirudisha sandukuni.

Tafuta pia senti zenye tobo za Afrika Mashariki, ambazo tobo lake limezungukwa na pembe za ndovu zilizopinda. Zile za senti 5 na senti 10 za mwaka 1936 zitazame kwa makini, si mwaka tu bali jina lililoandikwa. Zipo zenye jina la George V na zipo zenye jina la EDWARDVS VIII, yaani Edward VIII wa Uingereza, mfalme aliyejiuzulu mwezi Desemba mwaka huohuo kabla ya kutawazwa. Uingereza yenyewe haikutoa kwa matumizi ya kila siku sarafu zenye sura yake, ila senti zetu, kwa kuwa zina tobo katikati na hazikuhitaji sura ya mtu, zilikuwa zimeshatengenezwa kwa jina lake. Bei yake ni ndogo kwa sababu zilitolewa kwa wingi, lakini ni sarafu ambayo mkusanyaji huitoa kwanza anapotembelewa na wageni. Mwisho, tazama herufi ndogo za viwanda: H ni kiwanda cha Heaton na KN ni King's Norton, vyote vya Birmingham, I ni Bombay, na SA ni Pretoria. Mwaka mmoja na thamani moja vinaweza kukupa sarafu mbili au tatu tofauti za kujaza nafasi zako.

Ninaishi Hamburg. Nimeonyeshwa rupia ya Wajerumani yenye mwaka 1890 kwa bei iliyo chini sana ya kawaida. Nitajuaje kama ni halali?

Bei ya chini sana ni jibu la kwanza. Jibu la pili liko kwenye mizani: rupia hiyo ina uzito wa gramu 11.66, na ni ya fedha yenye usafi wa 917 kwa 1000. Iliyotumika sana inaweza kupungua kidogo, lakini si kwa gramu nzima. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua moja kwa haraka, jioni, taa zikiwa zimeanza kuzimwa ukumbini, na nilipoipima nyumbani ilikuwa na gramu 10 na kidogo. Chini ya kioo, manyoya ya simba aliyesimama na mnazi yalikuwa yamevimba kama uji uliomwagika, uso ulikuwa na vishimo vidogo mno kama vya ngozi ya chungwa, na ukingoni palikuwa na mstari mwembamba ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana. Sarafu halisi hupigwa kwa muhuri, haimiminwi, kwa hiyo mstari huo haupaswi kuwapo.

Angalia pia upande wa maandishi. Rupia za 1890 hadi 1902 zina jina la kampuni, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, na hazina herufi ya kiwanda. Zile za serikali, kuanzia 1904, zina shada la majani na herufi A ya Berlin au J ya Hamburg, mji wako. Ukikuta mwaka 1890 pamoja na herufi J, irudishe mezani kwa upole. Kuhusu ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye ndovu, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916, usiinunue kamwe kwa kutegemea jicho lako mwenyewe. Nunua iliyokwisha kukaguliwa na kufungwa ndani ya kifungio cha plastiki na kampuni ya ukaguzi kama NGC au PCGS, kisha uihakiki namba yake kwenye tovuti ya kampuni hiyo, kwa sababu hata vifungio huigizwa.

Bibi yangu wa Mombasa amenirithisha reale kumi, zote za mwaka 1780. Je, nikizipeleka kwenye onyesho naweza kuzibadilisha kwa sarafu za nchi nyingine?

Unaweza, lakini usiende na matumaini ya mali ya karne ya 18. Mwaka 1780 ndio aliofariki Maria Theresa wa Austria, malkia ambaye sura yake iko kwenye reale hizo, na kwa kuwa wafanyabiashara wa Uhabeshi, Uarabuni na pwani yetu walikataa sarafu yoyote isiyofanana na ile waliyoizoea, sarafu hiyo iliendelea kupigwa na tarehe hiyohiyo Vienna, na katika karne ya 20 hata Roma, London, Paris na Bombay. Kila moja ina uzito wa gramu 28 na kidogo, na ndani yake mna takriban gramu 23.4 za fedha safi. Muuzaji atakupa bei iliyo karibu na thamani ya fedha hiyo. Chagua mbili zilizochakaa kwa kushikwashikwa, uzitunze kwa ajili ya bibi, na nane uzibadilishe.

Niko Mwanza. Je, nisafishe sarafu zangu kwa limau na majivu kabla ya kuzipeleka sokoni?

Hapana. Hata dawa ya meno, hapana.

Mimi niko Muscat na nimezoea kubishana bei. Katika maonyesho ya Ulaya na Marekani, je, ni utovu wa adabu?

Si utovu wa adabu, ila namna inatofautiana. Usiiponde sarafu ya mtu ili bei ishuke, kwa maana atakuuliza kwa nini basi unaitaka. Kusanya nne au tano kutoka meza moja, ziweke juu ya kitambaa chake, kisha uulize bei yake ya mwisho kwa zote pamoja. Hapo ndipo punguzo hupatikana. Shika sarafu kwa ukingo, juu ya meza, na usiguse ile ambayo mteja mwingine bado anaizungumzia. Akikubali bei yako, umeshanunua. Kuondoka baada ya hapo ndiko utovu wa adabu.

Ninatoka Lindi. Mjomba ana vipande vya shaba vilivyookotwa karibu na magofu ya Kilwa, vyenye maandishi ya Kiarabu. Mnunuzi wa nje anavitaka kwa onyesho la Ulaya. Tumuuzie?

Msimuuzie. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na sarafu za masultani wa Kilwa ni za karne nyingi kabla ya hapo. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981, na kipande kilichoondolewa bila kumbukumbu ya mahali kilipolala hupoteza nusu ya habari zake. Visisuguliwe, viwekwe katika karatasi kavu, mjomba aandike alipoviokota na lini, kisha mvipeleke kwa maofisa wa mambo ya kale waliopo Kilwa. Mkitaka kujua mlichonacho kabla ya kwenda, visomeni pande zote mbili: kama ni vya Ali bin al-Hasan, mmoja wa masultani hao wa Kilwa, maneno ya upande mmoja yatakuwa yana vina na yale ya upande wa pili.