William H. Lewis: bunge la jimbo, si Kongresi
Kuna walioniuliza kama William H. Lewis, yule Mweusi mcheza futiboli ya Kimarekani wa miaka ya 1890 aliyekuja kuwa mwanasheria, aliwahi kuwa mbunge wa Kongresi, bunge la kitaifa la Marekani. Hapana, hakuwahi. Alikaa Baraza la Wawakilishi la jimbo la Massachusetts, muhula mmoja tu, 1902, na uchaguzi uliofuata akabwagwa. Kabla ya hapo alikuwa diwani wa Cambridge, mji uleule wa Harvard.

Washington alifika kweli, ila kwa mlango wa sheria: Rais Taft alimteua mwanasheria mkuu msaidizi wa serikali, Seneti ikampitisha 1911. Nadhani hapo ndipo wengi wanapochanganya.

Na mnaobishana kama alichezea chuo cha Amherst au Harvard, wote mko sahihi. Alikuwa nahodha wa timu ya Amherst 1891, kisha akaenda kusoma sheria Harvard, na enzi hizo mwanafunzi wa sheria aliruhusiwa kuendelea kucheza. Alisimama katikati ya safu ya mbele, yule anayeurudisha mpira nyuma kupitia miguuni kuanzisha mchezo, nafasi ya mibaba, naye alikuwa na kilo 80 hivi tu! 1892 na 1893 akachaguliwa timu bora ya vyuo ya Marekani nzima, Mweusi wa kwanza kufika hapo. Wazazi wake walikuwa watumwa Virginia.

Tahadhari moja: hii ni futiboli ya Kimarekani, si soka. Na huyo Paul Robeson mnayemtaja, mchezaji mwingine Mweusi, wa chuo cha Rutgers, alikuja baadaye sana, 1917; yeye sheria alisoma, ubunge hakuugusa.