Panga wikendi ya michezo jijini kana kwamba mechi itahamishwa

Tulikuwa wanne, na kila kitu tulishakilipia wiki sita kabla: nauli, vyumba viwili vya hoteli, tiketi nne za mechi ya Jumamosi alasiri. Zikiwa zimebaki siku kumi na tisa, ratiba ikabadilishwa. Televisheni imeichukua mechi, sasa itachezwa Jumatatu usiku. Jumatatu usiku sisi tungekuwa tumesharudi makwetu na kesho yake kuna kazi. Pesa za tiketi tulirudishiwa. Za nauli na hoteli, hapana. Tukaenda hivyo hivyo, na Jumamosi saa tisa tukawa tumesimama mbele ya mageti yaliyofungwa, mdogo wangu wa kike na skafu yake shingoni, mimi na huzuni ambayo wapenda mpira mtaielewa.

"Kaka, tusirudi hotelini," akaniambia. "Mji wote huu, watakosekanaje watu wanaocheza leo?"

Akapekua simu yake, tukapanda treni vituo vitano, tukaingia kwenye kiwanja kidogo cha timu ya madaraja ya chini. Tulikaa hatua chache tu kutoka kwenye mstari wa pembeni. Nilimsikia kocha akimwita beki wake wa kushoto kwa jina. Nilisikia mguu ukigonga mpira, kile kishindo ambacho kwenye televisheni humezwa na sauti ya mtangazaji. Tangu utotoni sikuwahi kuwa karibu namna ile na mchezo ninaoupenda.

Nimepanga safari nyingi za aina hii tangu wakati huo, na zote nazipanga kwa kumbukumbu ya siku ile. Chagua tukio moja kubwa, lipende, lilipie. Halafu ipange wikendi yako ili hata tukio hilo likiondolewa, bado uwe na wikendi ya michezo.

Kabla ya yote jiulize: tarehe hii imethibitishwa, au imetangazwa tu? Watu wengi hawajui kuwa hayo ni mambo mawili. Chukua Uingereza. Ratiba ya Ligi Kuu hutoka kabla ya msimu kuanza, na mechi nyingi huandikwa Jumamosi saa tisa alasiri. Baadaye zile zinazochaguliwa kuonyeshwa moja kwa moja husogezwa: Ijumaa, Jumapili, Jumatatu, au saa nyingine ya Jumamosi hiyo hiyo. Iko kanuni ya miaka mingi nchini humo inayozuia mechi kuonyeshwa moja kwa moja Jumamosi kati ya saa tisa kasorobo na saa kumi na moja na robo, ili watu wasivikimbie viwanja vya timu ndogo wakabaki sebuleni. Klabu ikisonga mbele katika Kombe la FA, kombe la mtoano la nchi hiyo, mechi yake ya ligi nayo inaweza kuahirishwa. Kwa hiyo usilipe nauli isiyorudishwa hadi uteuzi wa televisheni wa mwezi huo utangazwe. Kama huwezi kusubiri, basi chukua hoteli inayokubali kufuta nafasi bila kukukata, na uache upenyo wa siku moja mbele au nyuma.

Michezo mingine ina huruma zaidi kwa msafiri. Katika besiboli ya Marekani, timu ngeni huja mjini na kucheza mechi tatu au nne mfululizo, mara nyingi Ijumaa hadi Jumapili. Mvua ikiharibu moja, nyingine ipo. Ukumbi kama Madison Square Garden wa New York ni nyumbani kwa timu ya mpira wa kikapu na timu ya magongo ya barafuni, hivyo zipo wikendi ambazo unaweza kuona michezo miwili chini ya paa moja. Mashindano makubwa ya tenisi huendelea kwa wiki mbili, nami wiki ya kwanza naipenda kuliko fainali. Kwa tiketi ya kuingilia viwanja vidogo tu unazunguka kutwa nzima, unawatazama wachezaji wa hali ya juu ukiwa karibu kiasi cha kusikia pumzi zao. Wimbledon bado huuza tiketi za siku hiyo hiyo kwa wanaokubali kupanga foleni tangu alfajiri.

Na ipo marathoni, ambayo tarehe yake hujulikana mapema na kandokando ya barabara hakuna anayekudai tiketi. Pale Berlin Eliud Kipchoge alikimbia kwa 2:01:39 mwaka 2018, akarudi 2022 na kuivunja rekodi yake mwenyewe kwa 2:01:09. Ukipiga hesabu, ni mita 100 kwa sekunde 17 na kidogo, tena zaidi ya mara 400 bila kupumzika. Mkimbiaji wa namna hiyo akikupita unamwona kwa sekunde chache tu, kisha ni mgongo. Wengi huondoka hapo. Naomba usiondoke. Kaa saa tatu zaidi, piga makofi kwa mama anayetembea kilomita ya 38 huku akilia, mwite kwa jina lililoandikwa kifuani pake, uone uso wake unavyobadilika. Jambo moja la kuangalia: siku ya mbio barabara hufungwa, na teksi haiwezi kukatiza njia ya wakimbiaji. Hakikisha unafika kwa treni ya chini ya ardhi au kwa miguu.

Hapo tunaingia kwenye malazi, na mimi sikubaliani na wanaosema ulale karibu na uwanja. Siku ya mechi vyumba vya karibu na uwanja hupanda bei, kelele haziishi, na siku inayofuata unajikuta katikati ya maegesho matupu. Tafuta chumba karibu na njia ya treni inayokufikisha uwanjani bila kubadilisha. Kuna miji inayovunja kanuni hii: Melbourne, uwanja wa kriketi unaoingiza watu wapatao 100,000 uko umbali wa kutembea kutoka katikati ya mji, na viwanja vya tenisi vya Australian Open viko ng'ambo tu ya reli. Lakini Wembley, wenye viti 90,000, uko mbali na katikati ya London, na baada ya mechi polisi huruhusu umati uingie kituo cha treni kwa mafungu. Mpira ukiisha, usikimbie. Kaa kitini hadi wafagiaji waanze kazi, au tembea hadi kituo kinachofuata.

Tiketi yenyewe inunue kwa klabu au kwa muuzaji ambaye klabu imemtaja kwenye tovuti yake. Walanguzi wa nje ya uwanja waache. Huko Uingereza kuuza tiketi ya soka bila idhini ni kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 1994, na anayeachwa nje ya geti ni wewe uliyenunua. Tiketi nyingi siku hizi zinakaa kwenye simu na nyingine hubadilisha alama zake kila baada ya muda, kwa hiyo picha ya skrini haitoshi. Chaji simu. Na ukisoma 19:45, hiyo ni saa mbili kasorobo usiku. Nimeshuhudia familia nzima ikichanganya saa.

Kuhusu kiti, hapa niruhusuni niseme kwa kirefu kidogo, kwa sababu kosa hili lilimgusa mtu ninayempenda. Nilimchukulia mjomba wangu tiketi ya jukwaa la juu kabisa. Mimi niliona ni nafasi nzuri, unauona uwanja wote kama ubao wa kocha. Sikufikiria magoti yake. Ngazi zilikuwa kali, bila pa kushika kwenye safu za mwisho, na nilipanda nyuma yake nikiwa nimenyoosha mikono.

"Mjomba, tupumzike."

"Tukipumzika hatutaendelea," akajibu, akapanda.

Alifika. Lakini mapumziko hakuweza kushuka hata kwenda msalani, na mimi niliona aibu kwa dakika zote 90. Sasa kabla ya kununua nafungua ramani ya viti, naangalia safu na idadi ya ngazi, na nawauliza wahusika moja kwa moja kama kuna lifti. Viwanja karibu vyote vikubwa vina nafasi maalumu kwa watu wasioweza kupanda, lakini hujaa mapema na lazima uziombe. Kwenye viwanja vya zamani kuna jambo jingine: nguzo. Fenway Park ya Boston, iliyofunguliwa 1912, bado inazo, na ukiona tiketi imeandikwa kuwa kiti kina kizuizi cha kuona, amini maandishi hayo. Nyuma ya goli ndiko kwenye nyimbo, na watu husimama muda mwingi. Ukiwa na mtoto mdogo, kaa pembeni. Jezi ya timu ngeni usiivae kwenye majukwaa ya wenyeji.

Mabegi nayataja kwa ufupi: acha hotelini. Viwanja vingi vya Uingereza havipokei begi linalozidi ukubwa wa karatasi ya A4, na NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, tangu 2013 inataka mabegi ya kuonyesha kilichomo ndani.

Ziara ya kutembezwa ndani ya uwanja usiiweke siku ya mechi. Sehemu nyingi hufungwa, na vyumba vya wachezaji hutavifikia. Mimi nazipenda ziara za viwanja vitupu kuliko ninavyoweza kueleza. Olympiastadion ya Berlin ilijengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1936, nilikaa pale kimya kwa muda mrefu nikiitazama njia ya kukimbilia yenye rangi ya samawati. Hapo ndipo Jesse Owens, Mmarekani mweusi, alichukua dhahabu nne mbele ya utawala wa Kinazi uliohubiri kuwa watu wa rangi yake ni duni. Hapo hapo, mwaka 2009, Usain Bolt alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58. Sikuwa na mtu wa kumwambia chochote, na sikutaka.

Mechi za wanawake ziweke kwenye ratiba kwa heshima yake, si kama kijazio. Fainali ya Euro ya 2022 pale Wembley ilitazamwa na watu 87,192, na mwaka huo huo Barcelona ilijaza Camp Nou kwa watu 91,648 dhidi ya Wolfsburg. Mechi nyingi za kawaida, hata hivyo, tiketi zake hupatikana kwa urahisi zaidi kuliko za wanaume na bei huwa nafuu. Ukiwa na binti mdogo, mpeleke huko kwanza.

Na cheza mwenyewe, hata kidogo. Jumamosi asubuhi, kabla ya mechi, natafuta parkrun: kilomita tano kwenye bustani, bure, kwa mwendo wako. Zilianza mwaka 2004 Bushy Park, London, zikiwa na wakimbiaji 13, na leo ziko katika nchi zaidi ya 20. Unajisajili mara moja mtandaoni, unapewa alama ya kuchapisha, na inakubalika kila mji. Hakuna namna bora ya kuujua mji mgeni kuliko kuupumulia pamoja na wakazi wake. Wasiokimbia hutembea, na hakuna anayewaharakisha.

Kosa langu la mwisho la kuwaonya ni ulafi. Kuna mwaka nilipanga mechi tatu kwa siku moja na nusu, nikaziona zote, na leo sikumbuki bao hata moja. Tukio kubwa moja kwa siku linatosha. Kama umefuatana na mtu asiyependa michezo, mpe nusu siku iliyo yake kabisa, uende naye anakotaka yeye, bila kuchungulia matokeo kwenye simu.

Safari ya kurudi iache iwe na nafasi. Mechi ya kombe ya mtoano inaweza kwenda dakika 120 na mikwaju ya penalti, na ukiongeza mapumziko na foleni ya treni, ni saa tatu na zaidi tangu filimbi ya kwanza. Mjomba alikuja tena mwaka uliofuata, London, safari hii kiti cha safu ya nne, hakuna ngazi za kutisha. Tulikata tiketi za treni ya mwisho ya Jumapili kwa makusudi, tukabaki jukwaani hadi uwanja ukawa mtupu na mitambo ya kumwagia maji ikawashwa. Aliiangalia kwa muda, kisha akaniuliza ratiba ya msimu ujao inatoka lini.

"Juni, Mjomba."

Akatoa kalamu akaandika nyuma ya kitabu cha mechi.